Mwekundu Hata Baada ya Kufa

Kwa siku tisa niliamini nina maiti ndani ya tangi langu la maji ya bahari. Lilikuwa tawi la zambarau la gorgonia, kiumbe wa bahari wa jamii ya matumbawe, refu kama kutoka kiwiko hadi kiganja, ambalo wiki iliyotangulia lilikuwa limejaa polipi, vile vijidomo vyenye minyiri, wa kahawia waliosimama kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Sasa lilikuwa limenywea, linang'aa kama kitu kilichopakwa nta. Hakuna polipi hata mmoja aliyechungulia nje. Mwani mwembamba ulishaanza kutanda juu ya ngozi. Mkasi nilikuwa nao, ndoo nilikuwa nayo, na kilichomwokoa ni uvivu tu: kila jioni nilisema nitamtoa kesho. Siku ya kumi asubuhi nikakuta ule utando unachunika vipande vipande kama gamba la nyoka, mkondo unaupeperusha, na chini yake zambarau safi. Kufika jioni polipi walikuwa wametoka wote.

Sentimita 20 kutoka pale alikaa mwenzake mwekundu. Huyo hakunipa wasiwasi hata siku moja. Alisimama wima, ngozi safi, rangi ya kuita macho, na kila aliyepita mbele ya kioo alimsifu yeye kwanza. Ndiye aliyekuwa anakufa.

Naandika "huyu" na "huyo" kwa makusudi. Watu wengi wakimwona gorgonia mara ya kwanza husema "mti huu", na mimi nilisema hivyo kwa miaka. Tuko wengi tuliokosea. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mwitaliano aitwaye Marsigli aliweka marijani mbichi kwenye chombo cha maji ya bahari, akaona vitu vyeupe vinachanua, akatangaza kwamba ameyaona maua ya marijani. Miaka ya 1720 daktari wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, aliyatazama upya maua hayo, akaona yanajikunja yakiguswa, akasema hawa ni wanyama. Wakubwa wa sayansi wa Paris walimpuuza kwa muda mrefu. Marijani hiyo, ile nyekundu ya kutungia shanga, ni ndugu wa gorgonia. Basi mimi nampa ngeli ya wanyama, na nimeona kwamba ngeli inabadilisha hata matunzo. Mti unauweka penye mwanga ukaenda zako. Mnyama unajiuliza amekula nini.

Na swali hilo, amekula nini, ndilo ninalotaka lije kabla ya swali ambalo sote tunalianza: anaitwaje.

Lakini kwanza uhakikishe kwamba ni gorgonia kweli. Chukua kioo cha kukuzia, subiri polipi wafunguke, hesabu minyiri ya polipi mmoja. Iwe minane, na kila mnyiri uwe na vinyoya pande zote mbili. Ukikuta sita isiyo na vinyoya, na uti wenye vimiba vidogo vidogo, hao ni matumbawe meusi, ukoo mwingine kabisa. Minane yenye vinyoya ndiyo alama ya ukoo mzima ambamo gorgonia yumo pamoja na matumbawe laini. Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, ndiye aliyewapa jina la Gorgonia, mwaka 1758, akikumbuka wale wanawake wa hadithi za Wagiriki wenye nyoka badala ya nywele. Wataalamu hawajaacha kuupangua na kuupanga upya ukoo huu. Mwaka 2022 walivunja mpangilio wa zamani na kugawa matumbawe ya minyiri minane upya, kwa hiyo kitabu cha zamani na maandishi mapya vinaweza kumweka mnyama yule yule katika nyumba mbili tofauti. Usihangaike. Majina ya jenasi, yaani ya kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, ndiyo yanayokufaa mbele ya tangi.

Kinachokufaa zaidi ni kujua alivyoundwa. Polipi wote wa tawi moja wamezama ndani ya nyama moja, wanaunganishwa na vijifereji, anachokula mmoja kinawafikia jirani zake. Ndani ya nyama hiyo kuna spikuli, vijipande vya chokaa ngumu, vingi ajabu, vyenye maumbo ya vijiti, nyota na rungu. Katikati, kwa walio wengi, unapita uti mweusi au wa kahawia, mgumu lakini unaopinda, wa protini iitwayo gorgonini. Ukiushika mkavu utadhani pembe ya mnyama.

Hapo kwenye spikuli ndipo siri ya rangi ilipo, na ningelijua mapema ningeokoa roho moja. Kwa gorgonia wengi ule wekundu, umanjano au uzambarau unaouona kwenye matawi haumo kwenye nyama. Umo kwenye chokaa. Na chokaa haina njaa. Ndiyo maana pepeo la bahari, yaani gorgonia mwenye umbo la pepeo, lililokaushwa na kutundikwa ukutani hubaki zambarau miaka na miaka. Mnyama anaweza kukonda, kufunga polipi mmoja baada ya mwingine, kula akiba yake mpaka ikaisha, na wewe nje ya kioo unaona wekundu ule ule wa siku uliyomleta.

Mwekundu wangu alikuwa Diodogorgia. Wako wa sura mbili: mwekundu mwenye polipi weupe, na wa manjano ambaye kila polipi anatokea kwenye kijishimo chekundu, kama mtu kamtia nukta kwa kalamu. Wanatoka Karibea na pwani za Florida, wanakaa kina kirefu au chini ya majabali ambako mwanga ni haba. Aliyeniuzia aliniambia ni rahisi kumtunza kwa sababu hahitaji taa kali. Hakudanganya. Hahitaji taa kali, wala hahitaji taa yoyote, kwa kuwa hana mwani ndani ya nyama wa kumpikia. Kila tonge anayokula lazima ipite na maji imfikie mdomoni. Sehemu hiyo haikusemwa, nami sikuuliza.

Wiki mbili za kwanza alifunguka usiku. Baadaye akafunguka nusu. Mimi nilikuwa nawapa samaki chakula mara moja kwa siku na nikadhani masalia yatamtosha. Mwezi wa nne ncha ya tawi moja ikabaki na kipara, kidogo tu kama punje ya mchele. Mwezi wa tano nilimgusa nikasikia ugumu wa ajabu, tawi likakatika, pa! Ndani hamkuwa na uti mweusi, kwa sababu Diodogorgia hajajaliwa gorgonini kama wengine. Katikati yake pia ni spikuli zilizofungamana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na huyu hata mti hakuwa nao. Kipande bado ninacho kwenye droo. Bado ni chekundu.

Tangu hapo nawagawa gorgonia wote mafungu mawili kabla ya kugusa jina lolote: wa mwanga na wa kivuli. Wa mwanga wamebeba ndani ya nyama yao mwani wa seli moja unaotengeneza sukari kutokana na mwanga na kumgawia mwenyeji. Mwani huo una rangi ya kahawia, na hapo ndipo pa kutazama. Usitazame tawi, tazama polipi. Polipi wa kahawia, wa hudhurungi au wa kijani kibichi kilichofifia, juu ya tawi la kijivu, la kahawia au la zambarau: karibu kila mara huyo ni wa mwanga. Polipi weupe kama karatasi, au wa machungwa, au wekundu, au wa kung'aa bila ukahawia wowote, juu ya tawi jekundu, la manjano au la machungwa: chukulia kwamba ni wa kivuli mpaka uthibitishe vingine. Zambarau peke yake haisemi kitu, maana ipo kwenye mafungu yote mawili. Muuzaji akikuonyesha aliyejifunga, mwambie utarudi. Aliyejifunga hawezi kukujibu.

Wa mwanga ndio ninaowajua zaidi, na wengi wanaofika kwenye matangi wanatoka Karibea. Huko kutambua jenasi ni kazi ya macho na vidole, na mara nyingi alama iko pale ambapo polipi amejificha. Plexaurella akifunga, vitundu vyake vinabaki mipasuko midogo kama macho ya mtu anayesinzia. Pseudoplexaura vitundu vyake ni mviringo, viko wazi kama mdomo wa mtoto anayeshangaa, na ngozi yake ina utelezi. Eunicea ana vikombe vilivyoinuka, tawi zima lina vinundu. Muricea ana vikombe vyenye ncha zinazokwaruza kidole. Pterogorgia ndiye rahisi kuliko wote: matawi yake ni bapa kama utepe, na polipi hawatoki ubavuni, wanatoka ukingoni tu, mstari mmoja huku na mmoja huku. Ukikata tawi la Pterogorgia anceps na kutazama mkato wake, unaweza kukuta herufi Y au X.

Wenye umbo la unyoya wanachanganya. Antillogorgia, ambaye vitabu vya kabla ya 2012 vinamwita Pseudopterogorgia, ana vitawi vinavyotoka pande mbili za tawi kuu, kama unyoya uliolazwa mezani. Muriceopsis flavida anafanana naye kwa mbali, lakini ukimzungusha unaona vitawi vinatoka kila upande kama burashi ya kusugulia chupa. Nilimwita mmoja kwa jina la mwenzake kwa mwaka mzima. Hakuna aliyedhurika, maana wote wawili wanataka matunzo yale yale, na hapo unaona kwa nini silipi jina uzito wa kwanza.

Gorgonia mwenyewe, yaani jenasi yenye jina hilo, lile pepeo la wavu, unalitambua ukiwa mlangoni. Kulimiliki ni jambo jingine. Florida, ambako gorgonia wengine wanavunwa kwa mgawo, ni marufuku kuchukua Gorgonia ventalina na Gorgonia flabellum, na katika tangi ni mkaidi, kwa hiyo sijuti. Kutoka bahari za Hindi na Pasifiki anakuja Pinnigorgia, anayekua upesi na kusamehe makosa, na Rumphella wa kijivu anayekuwa kichaka. Ukiniomba ushauri wa gorgonia wa kwanza nitakuambia Pinnigorgia bila kufikiri. Wa pili Briareum, ingawa huyo ana tabia ya kutambaa na kufunika mawe ya wenzake, na ukishamruhusu hakuna tena mazungumzo.

Jina la spishi, kwa sehemu kubwa ya hawa, hulipati kwa macho. Linapatikana kwenye spikuli. Unakata kipande kama ncha ya kiberiti, unakitumbukiza kwenye matone ya maji ya klorini ya kung'arishia nguo, nyama inayeyuka, chokaa inabaki chini kama vumbi. Unasuuza mara kadhaa, unaweka kwenye hadubini. Nilifanya hivyo kwa hadubini ya kitoto na nikashangaa: vijiti vyenye chunusi, vingine vimepinda kama mwezi mchanga, vingine vya zambarau vinang'aa kama vioo vilivyovunjika. Sikupata jina. Nilipata usiku mzuri.

Sasa mkondo, maana hapo ndipo gorgonia wa mwanga wanapofia mikononi mwetu kuliko popote. Tunawawekea taa nzuri na maji yaliyolala. Kila chombo kwa wimbile, na cha gorgonia ni wimbi la kwenda na kurudi. Anataka matawi yapinde, yarudi, yapinde upande mwingine, mchana na usiku. Pampu moja inayopiga upande mmoja tu bila kupumzika inachubua nyama upande ule na kuacha upande wa pili umelala. Mimi natumia pampu mbili zinazopokezana, na kipimo changu ni hiki: nikisimama mbele ya kioo nisione tawi hata moja limetulia kwa kuhesabu hadi tano, wala nisione tawi linalolala moja kwa moja kama nyasi kwenye dhoruba. Wenye umbo la pepeo baharini husimama wakiukingama mkondo, ili maji yapite kwenye wavu wote. Katika tangi ambalo mkondo unabadilika kila sekunde jambo hilo halina uzito sana, ila kwa wa kivuli, ambao kila tone linalopita bila kuchujwa ni chakula kilichopotea, mimi huwaelekeza hivyo hivyo.

Mkondo una kazi ya pili, na hapa narudi kwa yule wa zambarau. Gorgonia hawezi kujikuna wala kukimbia. Mwani ukimwotea, viumbe vidogo vikimkalia, dawa yake ni kujifunga, kutoa utando kama wa nta juu ya ngozi nzima, halafu kuuvua pamoja na kila kilichoukalia. Inachukua siku mbili tatu, inaweza kuchukua wiki au zaidi. Baharini mawimbi yanamalizia kazi. Katika tangi lenye maji mazito utando unabaki umening'inia, uchafu unanasa chini yake, na nyama inaanza kuoza kweli. Wangu alichelewa kwa sababu nilikuwa nimehamisha pampu ili isimsumbue samaki mmoja. Nilimhurumia samaki, nikamnyonga jirani yake.

Namna ya kutofautisha kujivua na kufa ninayo, lakini nimejifunza kwa hasara. Anayejivua amefungwa sare, kutoka shina hadi ncha, na ngozi yake haina tundu. Anayekufa ana mahali. Kuna doa, kwa kawaida karibu na shina au panapogusa jiwe au palipokwaruzwa, ambapo nyama imelegea, inamomonyoka kama majivu ukiisukumia maji kwa bomba la sindano, na uti mweusi unatokeza. Harufu pia haifichi. Mkono uliomtoa anayejivua unanuka bahari maji yakiwa yametoka. Uliomtoa anayeoza hutauweka karibu na pua mara ya pili. Kwa hiyo kama amefungwa tu, ongeza mkondo na ukae na mikono yako mfukoni.

Ukiona uti, hapo mkasi una kazi. Uti uliobaki wazi haurudishiwi nyama kwa urahisi. Mwani unaupanda, na kutoka hapo unasukumana na nyama iliyo hai kila siku. Kata sentimita moja au zaidi ndani ya sehemu nzima, usibaki mpakani. Kwa Plexaurella mnene utahitaji koleo la kukatia waya, mkasi unateleza. Na kata bila huruma, kwa sababu kila kipande kizima ulichokata ni gorgonia mwingine. Baharini pia matawi yanavunjika na dhoruba, yanaangukia penye nafasi, yanashika.

Kupandikiza kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu analifanya, na mimi nililifanya mara tatu: kupaka gundi juu ya nyama. Nyama iliyofunikwa na gundi inakufa, ikifa inaachia, na asubuhi unakuta kipande kinaelea nyuma ya jiwe. Chukua wembe, menya nyama ya sentimita moja hivi ya mwisho, acha uti mtupu kama unavyochonga penseli. Uti ndio unaoingia kwenye tundu la jiwe, gundi kali ya jeli inashika uti tu, na nyama inabaki juu ya gundi, ikigusa hewa, yaani maji. Baada ya wiki kadhaa itashuka yenyewe na kulikumbatia jiwe. Briareum hana uti wa kumenya, huyo mfunge na kipande cha mpira au nyavu juu ya jiwe na umsubiri.

Maji sitayazungumzia sana. Maji ya kufaa matumbawe mengine yanamfaa yeye. Mimi nashikilia joto la nyuzi 24 hadi 26, chumvi ya 35 kwa elfu, alkali ya 8 au 9 dKH, kalisiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na sitafuti nitreti, ile inayotokana na chakula na uchafu unaooza, ya sifuri. 5 hadi 10 inamfaa wa mwanga kuliko maji yaliyosafishwa mpaka yakawa jangwa. Asichopenda ni kuyumba. Taa ya kati hadi kali, ukimpandisha polepole.

Jambo moja la maji linamhusu yeye hasa. Gorgonia ni wakemia. Plexaura homomalla, yule mweusi mwenye umbo la fimbo, mwaka 1969 alikutwa na wingi wa prostaglandini, zile kemikali ambazo kwetu sisi zinahusika na maumivu na uvimbe, na kwa miaka kadhaa maabara zilimtegemea yeye kuzipata. Antillogorgia elisabethae ametoa viungo vinavyotiwa kwenye krimu za ngozi. Wao hawakuzitengeneza kwa ajili yetu, wamezitengeneza ili samaki wawateme. Ukikata matawi kadhaa siku moja ndani ya tangi dogo, kemikali hizo zinabaki majini. Katia kwenye beseni la pembeni, na weka mkaa mpya wa kuchujia wiki ile.

Maadui nitawapitia haraka. Samaki malaika wakubwa na samaki kipepeo wengi watawadonoa. Konokono Cyphoma gibbosum, yule mwenye madoa ya machungwa yaliyozungushiwa mstari mweusi, ni mzuri mno na anakula gorgonia na si kingine. Akiuzwa peke yake mwachie muuzaji. Kagua pia konokono uchi wa jamii ya Tritonia, wanaovaa rangi ya mwenyeji wao mpaka vinyoya vya mgongoni vinafanana na polipi. Nilimpata mmoja kwa kuona mayai yake kwanza.

Basi wa kivuli. Diodogorgia, Swiftia wa machungwa, Menella, Acanthogorgia, wale mapepeo mekundu ya Melithaea. Picha zao ndizo zinazofanya watu waingie kwenye shughuli hii, na ndio wanaokufa kimya kimya. Wanaofanikiwa nao wanafanya kazi ya kulisha mara kadhaa kila siku, kidogo kidogo, vitu vidogo: rotifa, Artemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi) walioanguliwa siku hiyo hiyo, kopepodi wadogo, planktoni ya unga. Polipi wa Diodogorgia hawezi kummeza uduvi uliyewakatia samaki, ni sawa na kumpa mtoto mchanga muwa. Wengine unawaamsha kwa kutangulia na maji yenye harufu ya chakula, unasubiri robo saa wafunguke, ndipo unaleta chakula chenyewe. Wengine hawafunguki mpaka taa zizimwe. Waweke chini ya jabali, kwa sababu mwanga hauwadhuru wao, unanufaisha mwani utakaowapanda.

Na chakula chote hicho kisicholiwa kinaoza. Hapo ndipo mzigo ulipo: unalisha kama bahari, lakini maji yako ni lita mia mbili tu. Kichuja povu, chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu, kiwe kikubwa kuliko tangi linavyohitaji, maji yabadilishwe kwa wingi, na bado nitreti itakusumbua. Ni kazi ya mtu ambaye yuko nyumbani, au ameunda mtambo wa kudondosha chakula, na hachoki.

Nimetamani Swiftia kwa muda mrefu. Polipi wake ni wakubwa kuliko wa Diodogorgia, wanakamata hata Artemia bila shida, na kama kuna wa kivuli ninayeweza kumweka hai ni yeye. Nimetenga tangi dogo bila taa, nikaweka mawe, sponji mbili na nyota mkia-nyoka wachache waje wamalize masalia. Hakuna gorgonia ndani. Ninalilisha tangi hilo kana kwamba yupo: Artemia naangua kila usiku kwenye chupa iliyogeuzwa kichwa chini, saa 24 wanakuwa tayari, nawasuuza, nawagawa mara nne, napima nitreti kila Jumapili. Nilijiwekea siku 90 mfululizo. Nikikosa mlo mmoja naanza kuhesabu upya.

Mara ya kwanza nilifika siku ya 17, nikasafiri. Mara ya pili siku ya 33, chupa ilipasuka usiku na nikaona uvivu kuanza nyingine. Leo ni ya 41. Nitreti iko 20 na inapanda.